Muulize Fundi: Windows 11 imeikataa laptopu yangu ndogo

Barua za wasomaji kuhusu simu na kompyuta. Anayejibu ni fundi wetu wa Langoni, Lamu.

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Shela. Nina laptopu ndogo, HP Stream 11 ya samawati, niliyoachiwa na mtoto wa dada yangu alipomaliza chuo Mombasa. Ina RAM ya GB 2 na diski ya GB 32. Naitumia kutunga mitihani, kujaza TPAD, ile tathmini ya walimu, na kupeleka alama za watoto kwenye tovuti ya KNEC, baraza la mitihani. Tangu Oktoba 2025 inaniambia Windows 10 haihudumiwi tena. Nikitaka Windows 11 inanijibu kwamba kompyuta hii haijatimiza masharti. Isitoshe, kila siku inalalamika nafasi imejaa, na mimi sina picha wala video ndani yake. Dukani wameniambia niitupe ninunue nyingine. Mwanafunzi wangu wa zamani asema kuna njia ya kuilazimisha Windows 11 iingie, au niweke Linux. Mimi si mtu wa kompyuta. Nifuate lipi?
Mwalimu, Shela

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Usiitupe. Laptopu za aina yako naletewa mara kwa mara, za walimu, za watoto wa sekondari, za wenye maduka, na nyingi hurudi kwa wenyewe zikifanya kazi. Huniuma kuona mashine yenye skrini safi na kibodi kamili imelazwa kabatini kwa ajili ya programu tu. Nitakujibu kwa urefu, maana wenye swali kama lako ni wengi.

Nafasi hujaijaza wewe. Zile GB 32 za kwenye kibandiko, Windows huzisoma kama 29 na kitu, na sehemu yake imetengwa kwa ajili ya kurejesha mfumo ukiharibika. Windows 10 yenyewe hula zaidi ya nusu ya kinachobaki. Sasisho kubwa likija, halikai papo hapo mahali pa lile la zamani. Hupakuliwa, hufunguliwa pembeni, na mfumo wa zamani huwekwa akiba kwanza. Kwako hiyo pembeni haipo. Ndipo mashine hupakua, ikashindwa, ikafuta, ikaanza kupakua upya, na bando lako ndilo linaloteketea. Hata ukifuta kila waraka ulioandika, hutapata nafasi ya kutosha. Na diski ya Stream 11 haibadilishwi kama diski nyingine, kwa kuwa ni chipu ya eMMC iliyochomelewa kwenye bodi. RAM pia imechomelewa. Ulichonacho ndicho utakachokuwa nacho.

Sasa Windows 11. Microsoft walipoitoa Oktoba 2021 walitaka mashine iwe na RAM ya GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Wewe una nusu ya RAM na nusu ya diski, na prosesa za Celeron za Stream za mwanzo hazimo kwenye orodha hiyo. Mwanafunzi wako hakukudanganya: programu ya Rufus, inayotumika kutengeneza flashi ya kuwekea mfumo, ina kisanduku cha kuruka masharti ya TPM na RAM. Ila kuruka masharti hakukuongezei RAM. Utapata Windows inayochukua dakika nzima kufungua folda, diski itajaa upya, na Microsoft wenyewe wamesema mashine za namna hiyo hazina hakika ya kupata masasisho. Mimi huwa sikubali kumwekea mtu Windows 11 kwenye RAM ya GB 2, hata akinilipa.

Iko njia ya kati ambayo wengi hawaijui. Microsoft wameongeza masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Lakini sharti mashine iwe imefika toleo la 22H2, na kwa diski iliyojaa kama yako huenda haikufika. Kama imefika, jiandikishe leo, upate muda wa kujipanga bila haraka.

Kwa kazi ulizozitaja, ushauri wangu ni Linux, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows, na kwa mtu anayetoka Windows mimi humpa Linux Mint yenye sura ya Xfce. Ina menyu chini kushoto, saa chini kulia, na folda ziko pale unapozitarajia. Toleo la 22 lilitoka Julai 2024 na litahudumiwa hadi 2029. Wenyewe wanasema RAM ya GB 2 ndicho kiwango cha chini na diski GB 20, kwa hiyo umeingia kwa kubanana, lakini umeingia.

Kabla ya lolote, tazama matundu ya USB. Nyinyi wa Shela upepo wa bahari unawapiga mchana kutwa, na chumvi haichagui kati ya bawaba ya mlango na laptopu. Washa tochi ya simu, uchungulie ndani ya tundu. Vile vipande vya shaba vinatakiwa kung'aa. Ukiona ukungu wa kijani, zima mashine, chovya mswaki laini kwenye spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, sugua taratibu, uache ikauke kabisa. Nasisitiza hili kwa sababu flashi ikikatika katikati ya kuweka mfumo, utabaki na mashine isiyo na Windows wala Linux, na watu watailaumu Linux kumbe ni kutu.

Kisha toa kazi zako zote: mitihani, alama, nakala za vyeti. Ziweke kwenye flashi nyingine, na uifungue flashi hiyo kwenye kompyuta ya mtu mwingine kuhakikisha zinasomeka. GB 32 hazitoshi Windows na Linux kukaa pamoja, kwa hiyo Windows itafutwa. Ukija kuitaka tena siku nyingine hutahitaji kununua leseni, kwa sababu kwenye laptopu zilizotoka kiwandani na Windows 8 na kuendelea, namba ya leseni huwa imehifadhiwa ndani ya bodi yenyewe.

Faili la Mint ni kama GB 3. Usilipakue kwa bando la simu ikiwa kuna mtu mwenye waifai anayeweza kukusaidia. Kwenye kompyuta nyingine yenye Windows, fungua Rufus, chomeka flashi isiyo na kitu unachokihitaji maana itafutwa yote, chagua faili, bonyeza kuanza. Kunakili faili kwa mkono na kulibandika ndani ya flashi hakufanyi flashi iwake. Wengi wanaoniletea flashi "mbovu" walifanya hivyo.

Sasa ile sehemu inayowakatisha watu tamaa. Zima laptopu kabisa, iwashe, na papo hapo gonga kitufe cha Esc mfululizo mpaka menyu nyeusi itokee. F10 inakupeleka kwenye mipangilio ya ndani. Humo, chini ya mipangilio ya kuwasha, tafuta Secure Boot, kinga inayozuia mifumo isiyotambulika kuwaka, uizime, uhifadhi, utoke. Ikiwaka tena utaona maandishi yanayosema hali ya kuwasha imebadilishwa, na chini yake tarakimu nne zikifuatwa na neno Enter. Unatakiwa kuziandika tarakimu hizo. Hapa ndipo watu hukwama: unaandika na hakuna kinachoonekana kwenye skrini, wala nyota wala kisanduku. Hudhani kibodi imekufa, wakazima. Usizime. Andika tarakimu zote nne kwa zile funguo za juu za kibodi, bonyeza Enter, nayo itakubali. Rudi kwenye Esc, safari hii uchague F9, na flashi yako itakuwemo kwenye orodha.

Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Tulia hapo, usikimbilie kuiweka. Cheza sauti. Punguza na uongeze mwanga wa skrini. Fungua kamera. Funika laptopu, uifunue, uone kama inaamka. Jaribu printa ya shule ukiweza. Kila kitu kikifanya kazi hapo, kitafanya kazi baadaye. Waifai pekee ndiyo inaweza kukosekana, na hiyo ina dawa yake.

Stream 11 nyingi zina kadi ya waifai ya Broadcom ambayo dreva yake, yaani programu ya kuiendesha, haimo ndani ya Linux tangu mwanzo. Dreva yenyewe iko kwenye intaneti, na intaneti huna kwa sababu dreva huna. Njia rahisi ni simu yako. Iunganishe na laptopu kwa waya wa kuchajia, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, washa ile ya USB. Laptopu itaiona simu kama waya wa mtandao na haitauliza dreva yoyote. Mfumo ukishawekwa, fungua Driver Manager kwenye menyu, ipe muda itafute, chagua dreva ya Broadcom, washa upya. Ndiyo sababu nilikwambia uzime Secure Boot, kwani ikiwa imewashwa dreva hiyo huzuiwa.

Wakati wa kuweka, kuna swali moja tu ambalo kosa lake ni la gharama: mfumo ukae kwenye diski ipi. Utaona majina mawili. Linaloanza na sda ni flashi uliyoichomeka. Linaloandikwa mmcblk0 ndiyo diski yako ya ndani, na ndiyo unayoitaka. Weka tiki pia kwenye kodeki za muziki na video.

Mfumo ukishakaa, Mint itakukaribisha na ukurasa wa hatua za kwanza, mojawapo ikiwa kuwasha Timeshift, inayopiga nakala ya mfumo kila mara. Kwenye mashine kubwa ningekuhimiza. Kwako, iache. Nakala hizo hukaa kwenye diski ile ile, na kwa GB 32 utarudi kulekule kwenye nafasi imejaa. Programu za Flatpak, zinazokuja na vifaa vyake vyote, nazo ni nzito, chukua za kawaida. Halafu kuna kifurushi kiitwacho zram-tools, kiweke. Kazi yake ni kuvibana vitu vilivyomo kwenye RAM vichukue nafasi ndogo, ili brauza isigande. Kwa RAM ya GB 2 tofauti yake utaihisi siku hiyo hiyo. Hata hivyo jizoeze kufungua kurasa tatu nne kwa wakati mmoja, si kumi na tano, na video zitazame kwa 480p.

TPAD na KNEC hufunguka kwenye Firefox, kwa sababu ni tovuti na hazijali mfumo ulio chini yake. Mitihani utaitunga kwa LibreOffice, ambayo tayari imo ndani na inafungua faili za Word na Excel. Usishtuke ukikosa Times New Roman. Mahali pake pana Liberation Serif, ambayo herufi zake zina upana uleule, hivyo maswali hayataruka kurasa. Na kuna jambo linalonifurahisha mimi kama Mswahili: LibreOffice ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilianza zoezi hili zamani, na mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Iwashe kamusi hiyo, mtihani wako wa Insha usijae mistari myekundu chini ya maneno yaliyo sahihi.

Kitakachokusumbua ni faili za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili. Ukiletewa fomu ya namna hiyo, ifungulie kwenye kompyuta ya shule. Ukikwama popote, panda boti uje nayo Langoni, pamoja na chaja yake.

SWALI: Fundi, mambo? Niko Maweni, Malindi, nasomea ufundi wa umeme. Babangu mdogo amenipa Acer Aspire One ya zamani, skrini ndogo sana, Atom N270, RAM GB 1. Flashi ya Linux Mint imekataa, inaandika kwamba kerneli inahitaji prosesa ya x86-64 na iliyopo ni i686. Je, flashi ni mbovu?
Kijana wa Maweni

JIBU: Poa, kijana wangu. Flashi ni nzima. Atom N270 ni prosesa ya mwaka 2008, ya biti 32, na Mint uliyoipakua ni ya biti 64. Haziwezi kuelewana hata ukibadilisha flashi mara ngapi.

Milango ya biti 32 inafungwa mmoja baada ya mwingine. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena flashi ya kuiweka kwenye mashine kama yako. Debian ni Linux ya aina nyingine. Chukua Debian 12 ya i386, yaani ya biti 32, ambayo itaendelea kupata masasisho ya usalama hadi Juni 2028, na wakati wa kuchagua sura ya mezani chagua LXDE. Ukiona bado ni nzito, kuna antiX, iliyotengenezwa makusudi kwa mashine kongwe.

RAM yako inaweza kupanda, lakini chipseti inayokaa na N270 haipokei zaidi ya GB 2, kwa hiyo usiuziwe kipande cha GB 4. Fungua kwanza uone ina tundu gani. Kama ndani kuna diski ya kuzunguka ya inchi 2.5 ya SATA, kuibadilisha kwa SSD kutakusaidia kuliko hiyo RAM.

Jambo jingine ni skrini. Ina vipikseli 600 tu kwenda chini, na madirisha mengi ya siku hizi ni marefu kuliko hapo, hata kitufe cha kukubali kinabaki nje ya skrini. Shikilia Alt, bonyeza popote ndani ya dirisha kwa mausi, ulivute juu. Kitufe kitatokea.

Sitakuficha: kwa intaneti, umri wa mashine hii umebaki mdogo. Mozilla wameacha kutengeneza Firefox mpya za Linux ya biti 32. Toleo la muda mrefu, 140, wameahidi kulihudumia angalau hadi Septemba 2026. Lakini kwa anayesomea umeme bado ni mali. Isomee vitabu vya PDF, ichoree saketi, ijifunzie amri za Linux bila kuogopa kuharibu kitu, na ukiwa kwenye paa la mtu huhitaji kubeba laptopu ya bei.

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina duka la vitenge hapa Malindi mjini. Chromebook yangu imeniandikia kwamba imepokea sasisho la mwisho. Kijana jirani anataka kuifungua aweke Windows. Nimruhusu?
Mama wa duka

JIBU: Marahaba, mama. Mwambie asubiri kidogo. Kuweka mfumo mwingine kwenye Chromebook kunataka kubadilisha programu ya ndani ya bodi, na aina nyingi zina kinga ambayo haitoki mpaka ufungue chini utoe skrubu maalumu au uchomoe betri. Umeme ukipotea katikati ya kazi hiyo, mashine haiwaki tena. Na kama prosesa yake ni ya ARM, Windows usiitie hata akilini.

Kwanza nenda kwenye mipangilio, ukurasa wa kuhusu ChromeOS, ufungue maelezo ya ziada. Mwaka 2023 Google walitangaza kwamba Chromebook zitapata masasisho kwa miaka 10. Ila zile zilizotoka kabla ya 2021, mwenyewe lazima akubali kwa kubonyeza. Wengi hawajabonyeza, wakadhani mashine imekwisha. Kwa baadhi ya mashine ukikubali utapoteza programu za Play Store, kwa hiyo kama hesabu za duka unaziweka kwenye programu ya Android, zihamishe kwanza. Ukikuta kitufe hicho, kibonyeze, na kijana aweke bisibisi yake pembeni.